Mgonjwa Asisemewe na Mtoto



Siku moja nilimpeleka bibi mmoja, mzee wa kijijini, katika zahanati ambayo sitaitaja. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Aliyemsemea mbele ya mganga ni mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 12. Bibi alieleza kwa Kisukuma kwamba anatokwa na damu sehemu za siri. Mtoto aliinamisha kichwa, akasema: "Tumbo linamwuma." Bibi akatoka na vidonge vya tumbo. Njiani mtoto akaangua kilio, akaniambia ukweli. Kesho yake tulirudi na mama mtu mzima wa kumsemea. Naeleza haya kwa ruhusa ya bibi mwenyewe.

Simlaumu mtoto, wala mganga. Nalaumu mazoea yetu ya kumkabidhi mtu yeyote aliye karibu siri ya mwili wa mnyonge: mjukuu, mfagizi, au mgonjwa mwenzake kwenye foleni.

Wako watakaosema: "Kiswahili ni lugha ya taifa, kila mtu anakijua." Kiswahili kimetuunganisha, nasi twajivunia. Lakini wazee wa Kwimba, Sengerema na Ukerewe ambao hawakupata kukaa darasani hawawezi kunyimwa tiba kwa kosa hilo. Na kiziwi je? Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaja waziwazi wakalimani wa lugha ya alama. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri. Siri gani hiyo, ikiwa mgonjwa anayapokea kupitia kinywa cha jirani?

Neno moja laweza kuangamiza mtu. Mwaka 1980, huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania, walitaja neno "intoxicado", wakidhani kitu alichokula kimemdhuru. Waganga wakaelewa kwamba amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kichwani. Alipooza mikono na miguu. Leo, katika nchi hiyo, viko vyuo vinavyowapeleka wanafunzi wa Kihispania kufanya mafunzo ya ukalimani katika zahanati za jirani.

Sisi tunakosa nini? Hapa Butimba tuna Chuo cha Ualimu. Jirani yetu, Malimbe, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Wamo vijana wanaojua Kisukuma, Kikerewe na Kijita tangu utotoni. Wanafunzi hao waruhusiwe kufanya mafunzo kwa vitendo kama wakalimani wa wagonjwa, kwa masharti manne. Kwanza, wafundishwe kabla ya kuingia chumba cha mganga. Atakayekalimani lugha ya alama awe amejifunza barabara. Pili, waape kutunza siri. Tatu, wawe na msimamizi, wala wasiongeze au kupunguza neno. Nne, wapewe nauli na chakula, kwa maana mafunzo yasigeuzwe kuwa utumwa wa bei rahisi.

Wengine wanahofu kwamba vijana watapiga domo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini je, mfagizi asiyeapa ana usalama gani zaidi?

Nasema haya nikiwa padre. Sheria ya Kanisa yamruhusu mwamini kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 yamfunga mkalimani huyo kwa siri. Kanisa lililojua kulinda siri ya roho haliwezi kuiacha siri ya mwili ianikwe kwenye benchi. Bwana wetu alipomponya kiziwi, alimtenga kwanza na makutano.

Kwa hiyo hospitali na zahanati zetu za Kanisa zianze, zisingoje serikali. Wakuu wa vyuo wakae meza moja na waganga. Nanyi wanajumuiya, ulizeni zahanati yenu: bibi asiyejua Kiswahili akifika kesho, nani atamsemea? Jibu likiwa "mjukuu wake", msinyamaze.