Pingu: Nani Amefunga, Nani Amefungwa?

Mwanafunzi mpendwa, nahau "kufunga pingu za maisha" umeitumia katika insha tangu shule ya msingi. Sasa unapojiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Fasihi, nakusihi uipime upya kabla ya kuiandika.

Kwa maana yake ya msingi, pingu ni vyuma vya kufungia mikono au miguu ya mtu ili asitoroke. Neno hili lina undugu na kitenzi pinga, yaani kuzuia njia au kukataa jambo. Ukoo huohuo umetupa pingamizi, upinzani na mpinzani. Kwa hivyo, mtawala dhalimu anapomtia mpinzani wake pingu, anayepinga naye anapingwa, ila kwa chuma.

Katika ndoa, pingu ni sitiari. Wawili hujifunga wenyewe, wala hapana askari. Tazama sarufi yake pia. Kwa kawaida husemwa kuwa mwanamume ameoa na mwanamke ameolewa: mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Lakini tukisema "wamefunga pingu za maisha," wote wawili ni watenda. Uzuri wa nahau hii umo humo, na kwa maoni yangu, humo ndimo watahiniwa wengi huteleza.

Msichana aliyekatizwa masomo akaozwa kwa tamaa ya mahari hakufunga pingu za maisha. Alifungwa. Ukimtajia nahau ya harusi bila kufikiri, umefuta kilio chake na kusimama upande wa waliomwoza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nchini Kenya inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari, na umri wa chini ni miaka 18. Dhuluma ambayo sheria imeikataza, jibu lako lisiipambe.

Basi ukikutana na pingu katika kitabu teule, jiulize maswali matatu. Nani amefunga? Nani amefungwa? Je, aliridhia? Mwandishi akiitumia nahau hii kwa ndoa ya kulazimishwa, taja kinaya, kisha uonyeshe hiari iliyokosekana. Hapo utakuwa umepata hoja ya mtindo na hoja ya maudhui kutoka kwa neno moja, na mhusika atakuwa amepata msomaji aliyemsikia.