Pointi 11 za Jung zinauma, lakini zibaki

Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo. Mjerumani Michael Jung anaongoza msimamo kwenye mchezo wa farasi wa siku tatu. Huyu jamaa si wa kubahatisha. Alitwaa dhahabu London 2012, akaitwaa tena Rio 2016, na hesabu za wengi zilikuwa zinamuona akibeba ya tatu mfululizo. Akaingia kwenye mbio za nyika na farasi wake Chipmunk, akaruka viunzi vyote, hakuanguka, wala farasi hakugoma popote. Halafu ubao wa matokeo ukamtwisha pointi 11 za adhabu. Safari ya medali ikaishia hapo.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Farasi aligusa kiunzi kimoja, pini ya usalama iliyokuwa imeshikilia gogo ikaachia, gogo likashuka. Basi. Wajerumani walilalamika, haikusaidia. Mpaka leo wapo wadau wa mchezo huo wanaosema Jung alionewa, kwamba mtu anaadhibiwa kwa kugusa tu.

Mimi ni mtu wa mpira. Maisha yangu ni mazoezi ya jioni, mikutano ya makocha na dakika 90. Lakini hii ishu nimeifuatilia kwa karibu, na msimamo wangu ni kwamba zile pointi 11 ni moja ya sheria bora kabisa kwenye michezo yote ya dunia. Zibaki. Na kama inawezekana, ziongezewe wenzake.

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe, maana huku kwetu hauonyeshwi sana. Mpanda farasi na farasi mmoja wanapita mitihani mitatu. Wa kwanza ni dresaji, farasi anaonyesha utii na mwendo mzuri mbele ya majaji. Wa pili ni mbio za nyika, ambazo ndizo moyo wa mchezo. Kwenye mashindano ya daraja la juu kabisa, kama Badminton na Burghley kule Uingereza, farasi anakimbia zaidi ya kilomita 6 kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika, karibu kilomita 34 kwa saa, huku akiruka magogo, mitaro, madimbwi ya maji na kona za mbao. Wa tatu ni kuruka vizuizi vyepesi uwanjani. Kila kosa linaongezwa kwenye hesabu, na mwenye pointi chache za adhabu ndiye bingwa. Kwa hiyo 11 ni mzigo mkubwa. Ni kama kufungwa mabao mawili dakika za majeruhi.

Tofauti kubwa na vile vizuizi vya uwanjani ni kwamba viunzi vya nyika vimejengwa imara. Vile vya uwanjani farasi akivigusa vinaanguka, maisha yanaendelea. Vya nyika, akivigonga vibaya, kinachoanguka ni yeye.

Na hapo ndipo watu wanapokufa. Farasi anafika kwenye kiunzi akiwa amekosea hatua au amechoka. Miguu ya mbele, sehemu ya juu, inagonga gogo. Kifua kinakwama, lakini mwili uliobaki bado una kasi yake. Nyuma kunanyanyuka, farasi anapinduka mzima mzima, miguu juu, mgongo chini. Aliyekuwa mgongoni anatangulia kufika ardhini, na mnyama wa karibu kilo 500 anamfuata juu yake. Helmeti haina majibu ya kutosha kwa hilo. Fulana ya hewa inasaidia, lakini nayo ina kikomo chake.

Mwaka 1999, Uingereza pekee ilizika wapanda farasi watano wa mchezo huu ndani ya msimu mmoja. Watano! Hebu fikiria ligi yoyote ya mpira ipoteze wachezaji watano uwanjani msimu mmoja. Kingefungwa kila kitu. Ndipo ikaundwa kamati ya usalama, wataalamu wakaingia kazini, na jibu moja kubwa lililotoka ni hiyo pini. Kazi yake ni rahisi kuielewa: gogo linashikiliwa na kipande kinachovunjika au kuachia kikipokea nguvu fulani. Farasi akigonga vibaya, badala ya yeye kupinduka, gogo linashuka, anapata nafasi ya kushusha miguu na kujiokoa. Wasweden nao wakaja na klipu yao inayofanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Wanaozipinga pointi 11 wana hoja, na si vizuri kuzipuuza. Wanasema pini haijui tofauti ya farasi aliyekuwa anakaribia kupinduka na farasi aliyegusa kidogo kwa miguu ya nyuma akiwa ameshavuka. Wote wanalipa bei moja. Wanasema pia kwamba kazi ya pini ni kuokoa maisha, sasa kwa nini kifaa cha uokoaji kigeuzwe mtego wa kuharibu matokeo? Mtu anaweza kuanza kuichukia pini badala ya kuishukuru.

Ninawaelewa. Lakini tuwaulize swali moja: bila adhabu, nani angebadilisha namna anavyopanda? Pini ikiwa bure, mpanda farasi anajua akikosea gogo litashuka na yeye atapita. Ataingia kwenye kiunzi kwa kasi ileile na pembe ileile ya hatari. Kifaa cha usalama kisicho na bei kinaweza kumpa mtu ujasiri wa kijinga. Pointi 11 zinamlazimisha afanye hesabu zake kabla ya kufika, apunguze mwendo, amweke farasi sawa. Usalama unaanza pale, kabla pini haijaguswa.

Sisi wa mpira tuliyapitia haya. Kabla ya Kombe la Dunia 1998, waamuzi waliambiwa kwamba rafu ya kutokea nyuma inayohatarisha usalama wa mchezaji ni kadi nyekundu. Makelele yakawa mengi, kwamba mpira unageuzwa mchezo wa watoto. Lakini washambuliaji wangapi wamemaliza soka lao wakitembea vizuri kwa sababu beki alijua akiteleza vibaya anaiacha timu na watu kumi? Beki hakubadilishwa na semina ya uungwana. Alibadilishwa na kadi.

Na mchezo wa farasi wenyewe una ushahidi huo kwenye historia yake. Ulianza kwenye Olimpiki ya Stockholm 1912 ukiwa wa maofisa wa jeshi, na roho ya kijeshi ikabaki nao. Berlin 1936, Mjerumani Konrad von Wangenheim alianguka kwenye mbio za nyika akavunjika mfupa wa bega, akapanda tena akamaliza. Kesho yake akaja kuruka vizuizi mkono ukiwa umefungwa, timu yake ikachukua dhahabu. Kwa miaka mingi hadithi hiyo imesimuliwa kama kilele cha ushujaa. Leo mpanda farasi akianguka kwenye mbio za nyika, safari yake imeisha siku hiyo, hata kama anajiona mzima. Hakuna anayemuita mwoga. Sheria ilichukua uamuzi kutoka kwa mtu aliyegonga kichwa na kuupeleka kwa watu wenye akili iliyotulia.

Mpaka hapa nimemzungumzia zaidi binadamu. Binadamu ana nafuu moja: anachagua. Muingereza Laura Collett aliangukiwa na farasi mwaka 2013, akakaa siku sita bila fahamu hospitalini, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia. Akarudi. Mwaka 2021 alikuwa kwenye timu iliyotwaa dhahabu Tokyo, 2022 akashinda Badminton, na Paris 2024 akabeba dhahabu nyingine ya timu na shaba yake binafsi. Unaweza kusema ni wazimu, unaweza kusema ni moyo wa chuma, lakini uamuzi ulikuwa wake.

Farasi hakuulizwa. Kwenye mbio zilezile za Tokyo alikuwepo farasi wa Uswisi, Jet Set, mwenye miaka 14, akipandwa na Robin Godel. Karibu na mwisho wa njia alianza kuchechemea vibaya, Godel akamsimamisha. Vipimo vikaonyesha ligamenti ya mguu imechanika kabisa, haitibiki. Madaktari wa wanyama wakamlaza usingizi wa milele siku ileile. Godel hakuvunja sheria yoyote. Alisimama pale alipotakiwa kusimama. Hapa ni lazima tukubali ukweli mchungu: hakuna pini ingemuokoa Jet Set. Baadhi ya hatari haziondoki mpaka uondoe mchezo wenyewe.

Lakini ndiyo maana zile zinazoondoka ziondolewe zote. Huwezi kumwambia mtu kwamba kifo hiki hakikuepukika, wakati vingine unavyoweza kuviepuka umeviacha kwa sababu wapanda farasi hawapendi kupoteza pointi.

Na hapa ndipo ninapoona Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, bado linapiga pasi za pembeni. Kwa mpanda farasi, adhabu inauma: ukigusa pini ni 11, farasi akigoma ni 20, ukipanda kwa hatari ni 25, ukianguka unaondoka. Kwa maumivu ya farasi, makali yanapungua. Paris 2024, kabla mchezo haujachanganya, mpanda farasi mmoja wa Brazil alipewa kadi ya njano kwa kumkunja farasi shingo kupita kiasi mazoezini. Kadi hiyo haikumuongezea hata pointi moja ya adhabu. Akipata nyingine ndani ya mwaka mmoja, anafungiwa miezi miwili. Yaani gogo likishuka unapoteza medali, lakini farasi akibanwa shingo unapewa onyo na kuendelea na ratiba.

Hiyo mizani haiko sawa. Kama kugusa gogo ni 11, basi kumtesa mnyama kwa mjeledi, kwa hatamu au kwa kumkimbiza akiwa amekwisha nguvu, kusiwe chini ya hapo. Iandikwe kwenye ubao uleule, siku ileile, watu wote waione. Mpanda farasi ambaye farasi wake amechoka na bado anamsukuma kwenye kiunzi asimamishwe na waamuzi wa njiani na atolewe, bila kujali jina lake wala bendera yake. Na pini ziwekwe kwenye kila kiunzi ambacho muundo wake unaruhusu, gharama zisiwe kisingizio kwenye mashindano yenye wadhamini wakubwa namna ile.

Wapo watakaosema tunataka kuua mchezo kwa sheria. Mimi naona kinyume chake. Waangalie jirani zao wa pentathloni ya kisasa. Tokyo hiyohiyo, Mjerumani Annika Schleu alipangiwa kwa kura farasi aitwaye Saint Boy ambaye aligoma kabisa. Dunia nzima ikaona mwanadada analia, mjeledi unatembea, na kocha akampiga farasi ngumi. Kocha akaondolewa mashindanoni. Lakini haikuishia kwake. Baada ya Paris 2024, farasi wameondolewa kabisa kwenye pentathloni, nafasi yao imechukuliwa na mbio za vikwazo vya kupanda na kuning'inia. Mchezo uliokuwa na farasi tangu 1912 umewapoteza, na picha za siku moja ndizo zilizoanzisha safari hiyo.

Olimpiki ijayo ni Los Angeles 2028, na michezo ya farasi imepangiwa Santa Anita Park. Uwanja huo una historia yake. Mwaka 2019 zaidi ya farasi 30 wa mbio walikufa hapo, na kelele zake zilifika mpaka kwa wanasiasa. Ni mchezo tofauti, ndiyo, lakini kamera zitakapofika pale hazitaanza kuwafafanulia watazamaji tofauti hizo. Farasi mmoja akipinduka mbele ya dunia, swali litakuwa moja tu: mlifanya nini kuzuia?

Jung mwenyewe ametupa jibu zuri kuliko sote. Hakuacha mchezo kwa hasira. Alirudi Paris 2024 na Chipmunk yuleyule, sheria ya pini ikiwa bado ipo, akamaliza mbio za nyika bila kuangusha kitu na akaondoka Versailles na dhahabu yake ya tatu. Kwa hiyo inawezekana kushinda ukiwa na sheria kali. FEI sasa iandike sheria nyingine za namna hiyo kwa ajili ya farasi, na iziandike kabla ya 2028.