Si Kila Maumivu ni Chango



Mwanamke akiumwa chini ya kitovu, kwetu huambiwa ana chango, na dawa huchemshwa jikoni. Juma hili twazungumzia maumivu yasiyongoja dawa ya kuchemsha: yale yanayozuka ghafla upande mmoja, makali, pamoja na kutapika.

Huenda kifuko cha mayai ya uzazi kimejisokota. Kifuko hicho hushikiliwa na kano zenye mishipa ya damu. Kikiota uvimbe huwa kizito, na huweza kujipinda kama ndoo kambani. Damu hushindwa kutoka, kifuko huvimba, kisha damu mpya haiingii, na baada ya saa kadhaa kifuko huanza kufa. Tiba yake ni upasuaji wa haraka.

Aghalabu uvimbe huo si saratani. Mara chache huwa ni saratani iliyohamia kutoka mfuko wa chakula au utumbo mpana. Mjerumani Friedrich Krukenberg aliueleza mwaka 1896 akidhani umeanzia katika kifuko chenyewe; mwaka 1902 Schlagenhaufer akabainisha kuwa asili yake ni kwingine. Kwa hiyo baada ya upasuaji, familia iulize: uvimbe umepelekwa maabara? Tumbo na utumbo vimechunguzwa? Mgonjwa naye asifiche kama amekuwa akishiba upesi, akikonda, au akiona damu chooni, hata kama amezoea kusema ni vidonda vya tumbo.

Jamaa zetu walioko Kitui wana sababu zaidi ya kuharakisha. Kaunti hiyo inapita kilomita za mraba 30,000. Kutoka Ikutha au Mutomo hadi hospitali ya rufaa mjini Kitui ni safari ndefu. Basi saa za barabarani zisiongezewe saa za kungojea nyumbani.

Wapo wanaomngojea mume aje atie saini. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 hujitilia saini mwenyewe. Wapo wanaomngojea daktari wa kike. Akipatikana, ndiye atangulizwe. Asipopatikana, wanazuoni wa fikihi wameruhusu matibabu ya daktari wa kiume kwa sababu ya dharura, kwa kiasi cha haja.

Enyi waume, waambieni wake zenu leo, wangali wazima: siku ya maumivu hayo, nenda hospitali, wala usiningoje.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.