SAYANSI KIJIJINI: Njia Panda ya Mwanga



Singida mjini ni njia panda. Barabara moja inakwenda Dodoma. Nyingine inakwenda Nzega na Mwanza. Nyingine inakwenda Babati na Arusha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao unapita mkoani kwetu. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009.

Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Ndani ya uzi hupita mwanga. Mwanga huo hubeba maneno yetu, picha na fedha za simu.

Je, mwanga ukifika njia panda, nani anauelekeza? Ni mtambo uitwao swichi. Hii si swichi ya kuwashia taa. Kazi yake ni kuunganisha uzi unaoingia na uzi unaotoka.

Tuchukue mfano wa vitunguu. Wakulima 100 wanataka kuzungumza na wanunuzi 100. Kila mkulima aweze kumpata mnunuzi yeyote. Tukiweka kiungo kwa kila mkulima na kila mnunuzi, tutahitaji viungo 10,000. Wakiwa 200 kila upande, viungo ni 40,000. Watu wameongezeka mara mbili, viungo mara nne! Sijui serikali ya kijiji gani ingepitisha bajeti hiyo.

Mwaka 1953 mtaalamu wa simu nchini Marekani, Charles Clos, alieleza njia nyingine. Wagawe wakulima katika vikundi 10 vya watu 10, kama mashina ya nyumba kumi. Wanunuzi nao wagawe hivyo. Kila kikundi kipate swichi yake ndogo. Katikati weka swichi ndogo 19. Kila kikundi kiwe na njia moja ya kufika kwenye kila swichi ya katikati.

Kwa nini 19? Mkulima anataka kupiga simu. Wenzake 9 wanaongea, wameshika swichi 9 za katikati. Mnunuzi anayemtaka naye ana wenzake 9 wanaoongea. Hao wanaweza kushika swichi nyingine 9. Jumla ni 18. Ya 19 iko wazi, na simu inapita. Zikiwa 18 tu, siku moja mnunuzi atakuwepo na bei nzuri itakuwepo, lakini njia hakuna. Mkulima huyo atamwuzia dalali aliyesimama mlangoni.

Sasa tuhesabu viungo. Kikundi kimoja kina watu 10 na njia 19. Hivyo ni viungo 190. Vikundi 10 vya wakulima vina viungo 1,900. Wanunuzi vilevile 1,900. Swichi 19 za katikati, kila moja viungo 100, nazo ni 1,900. Jumla 5,700. Tumeokoa viungo 4,300! Mimi nilirudia hesabu hii mara tatu kwa kalamu kabla ya kuamini.

Swichi nyingi hugeuza mwanga kuwa umeme, husoma anwani, kisha hurudisha mwanga. Kazi hiyo hula umeme mwingi. Swichi nyingine zina vioo kama vya kujitazamia, ila vidogo mno. Vioo huinama na kuurusha mwanga kwenye uzi unaotakiwa. Hapo umeme mwingi hauhitajiki. Lakini kila kiungo mwanga unapopita, hupungua kidogo. Hatua tatu huupunguza zaidi ya hatua moja. Kwa hiyo wataalamu hupiga hesabu mbili kwa pamoja: viungo viwe vichache, na mwanga usiishie njiani.