Kiboko Hakimfunzi Mbwa

Ni desturi katika miji yetu mingi kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa, kisha kumcharaza anapowangurumia wageni. Mwenyewe hudhani amemtia adabu. La hasha! Amemwongezea hofu tu.

Mbwa hunguruma ili kuonya. Akipigwa kwa kunguruma, huenda akaacha kuonya, ilhali hofu haijamtoka. Siku nyingine atauma ghafla, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto. Kenya, ambayo tangu 2014 ina mpango wa kukomesha vifo vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, haina budi kuyatazama malezi haya pamoja na chanjo.

Njia bora ni tuzo. Mbwa akiketi anapoamriwa, apewe kitoweo papo hapo. Tuzo ikichelewa, hatajua atuzwa kwa lipi. Mwaka wa 1938 Mmarekani B. F. Skinner alieleza, kwa majaribio ya panya, jinsi tendo lililotuzwa linavyorudiwa.

Shule zetu zilipigwa marufuku kutumia kiboko mwaka wa 2001. Mwanafunzi aliyeepushwa na kiboko darasani, kwa nini akishike uani?