Chai ya Rungwe ionjwe Tukuyu kwanza

Mwonjaji wa chai hana adabu za mezani. Huchota kijiko, huivuta chai kwa kelele ili ienee kinywani pamoja na hewa, huizungusha ulimini, kisha huitema ndooni na kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia kutoka Nairobi mwaka 1969, watu wa kazi hii hupitia mamia ya vikombe kabla ya mauzo: chai ya Kenya, Rwanda, Uganda, Burundi, Malawi na Tanzania, zote zimepangwa mstari mmoja. Maneno mawili matatu yanayoandikwa mbele ya kikombe huweza kupandisha bei ya shehena nzima au kuiangusha.

Mkulima wa Katumba au Masukulu, wilayani Rungwe, hajawahi kukaa kwenye meza hiyo, na kwa hesabu ya kawaida hakuna ubaya: yeye kazi yake ni kuchuma, mwenye ulimi atajua mengine. Lakini Rungwe si mgeni wa zao hili. Wajerumani walipanda chai Kyimbila, kando ya Tukuyu, mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya majaribio ya Amani kule Tanga. Zaidi ya karne imepita. Leo mtu akiingia mgahawani karibu na stendi ya Tukuyu akaomba chai, ataletewa maziwa yaliyochemka na tangawizi na sukari ya kutosha kumficha tembo. Ni kinywaji kitamu, hasa mvua ya Tukuyu inapopiga bati tangu asubuhi. Ila majani yaliyomo humo hayana nafasi ya kusema yametoka kilima gani.

Kutoijua ladha ya majani hayo kunagharimu fedha.

Mizani ya kituo cha kununulia majani mabichi inajua kitu kimoja tu, uzito. Inahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na mkulima hulipwa kwa kilo alizopeleka. Aliyechuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu, akayaweka kivulini, akawahi kituoni, analipwa sawa na jirani yake aliyebeba majani yaliyokomaa na vikonyo vigumu ilimradi hayakukataliwa. Kwa mpango huo, uvivu kidogo ni akili. Jani kubwa ni zito zaidi.

Kikombe hakisahau lolote kati ya hayo. Majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuanza kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani, na chai yake hutoka imefifia, haina mng'ao. Jani lililokomaa hutoa maji mepesi yasiyokaa ulimini. Hayo ni makosa ya shambani na njiani. Yapo pia makosa ya kiwandani: majani yaliyonyaushwa vibaya, yaliyochachushwa kupita kiasi, au yaliyoungua kwenye kikaushio. Kikaushio kikivuja, moshi wa kuni huingia ndani ya chai, na hapo hata asiye mtaalamu atausikia. Kila kosa lina ladha yake. Kwa hiyo chama cha wakulima chenye watu wanne watano wanaojua kuonja kingeweza kukaa na kiwanda na kusema bila kubahatisha: hili ni letu, hilo ni lenu. Chama kisicho na ulimi husikia tu kwamba ubora umeshuka, na lawama humwangukia mwenye kikapu.

Kuna mtego mwingine katika alama zinazoandikwa kwenye magunia, BP1, PF1, PD na D1. Wengi hudhani zinapanga chai kutoka nzuri hadi mbaya. Hazifanyi hivyo. Zinaeleza ukubwa wa punje baada ya majani kupita kwenye mashine za kuponda, kuchana na kuviringisha, teknolojia iliyotoka Assam, India, miaka ya 1930. PF1 ya kiwanda kimoja yaweza kung'aa kama shaba iliyosuguliwa, na PF1 ya kiwanda jirani ikawa haina uhai. Kuzitofautisha kunahitaji kikombe.

Na vifaa vyake havitishi. Kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 1980 kinataka gramu mbili za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika sita, kwenye chombo cheupe cha kauri chenye kifuniko. Mizani ndogo ya duka la dhahabu inatosha, pamoja na saa na vikombe vyeupe vinavyofanana. Sukari ikae mbali. Anayeonja huangalia kwanza majani makavu, kisha majani yaliyoloweshwa, ambayo chai nzuri huyaacha na rangi ya shaba inayong'aa na harufu safi, kisha ndipo anywe. Anatafuta nguvu, rangi, na ule ukakasi wa kupendeza unaochangamsha kinywa bila kukikausha. Maziwa yanaweza kuongezwa katika duru ya pili, kwa sababu wanunuzi wengi wa chai ya Afrika Mashariki wanajua itaishia kwenye maziwa.

Jambo moja wasisahau waonjaji wa Tukuyu. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 95 hivi, wakati Mombasa yanafika 100. Chai ileile itatoa nguvu tofauti kidogo pwani na milimani. Ndiyo maana kulinganisha kuna maana vikombe vyote vikimiminiwa maji ya birika moja kwa wakati mmoja. Chai ya Katumba ikae karibu na ya Mwakaleli, ya msimu wa mvua karibu na ya miezi ya baridi, wakati majani hukua polepole. Ipangwe na ya Mufindi, na ya Kericho, na pakiti yoyote ya dukani. Vikombe vipewe namba, majina yafichwe, maana mapenzi ya nyumbani huharibu ulimi haraka kuliko pilipili.

Upande wa pili wa jiji la Mbeya, wilayani Chunya, wanalima tumbaku. Jani lao hupangwa madaraja sokoni, hununuliwa, halafu hupotea ndani ya sigara za viwandani ambazo mvutaji wake hana habari na Chunya. Sigara nene za Cuba zina maisha mengine kabisa. Husokotwa kwa mkono, na mnunuzi hutaka kujua kama jani limetoka Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, na kama lile la kufungia nje lilikuzwa chini ya vitambaa vya kupunguza jua. Kuna watu huzipanga mezani, wakazilinganisha na kubishana hadi usiku. Tumbaku inaua, na hakuna haja ya kuwaiga katika kuvuta. Lakini udadisi wao ndio unaolipa thamani jina la eneo la mbali. Chai, ambayo haimuui mtu, inastahili ubishi wa namna hiyo.

Karibu na kwetu, Satemwa ya Thyolo, Malawi, shamba lililoanza mwaka 1923, hutengeneza chai maalumu kwa kiasi kidogo, nyingine kwa kazi ya mikono, na kuiuza kwa jina lake lenyewe. Kwenye kahawa, Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, mwaka 2008, ambako majaji huonja bila kujua mkulima na kahawa iliyoshinda huuzwa kwa mnada wake. India, shamba la Makaibari la Darjeeling liliuza chai mwaka 2014 kwa dola 1,850 kwa kilo. Hakuna anayeota Katumba ifike huko, na biashara kubwa itabaki kuwa chai ya kawaida. Hata hivyo hao wote walianza na watu waliojua kilichomo ndani ya vikombe vyao.

Mkulima anaweza kujibu kwa hasira, na ana haki. Miaka ya karibuni wakulima wa chai nchini wamelalamikia malipo yanayochelewa, na Rungwe wengi wamegeukia parachichi. Anayedai fedha zake hapelekewi somo la harufu. Kweli, kuonja hakulipi deni la mtu. Lakini anayekwenda kudai bei akiwa na majibu ya kikombe mkononi haongei kama anayekwenda na risiti za mizani tu. Tanzania ilifungua mnada wake wa chai Dar es Salaam Novemba 2023, hatua njema, ila Dar bado iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Tukuyu.

Kwa hiyo Halmashauri ya Rungwe na vyama vya wakulima waanze na meza moja. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hufanyika kila mwaka kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na banda la wilaya huwa limepambwa kwa ndizi, maziwa, parachichi na pakiti za chai ambazo hakuna anayezifungua. Zifunguliwe mwaka huu. Kila kiwanda kilete sampuli za miezi miwili tofauti, aitwe mwonjaji mmoja kutoka mnadani, na viti vya mbele wapewe wachumaji badala ya wageni rasmi. Majibu yabandikwe ukutani siku hiyohiyo, kikombe kwa kikombe, kisha nakala zipelekwe vituo vyote vya kununulia majani kabla ya mvua za Novemba.