Baharia wa Nyamasaria hakufukuzwa

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kudhani kuwa bahari ni yetu peke yetu, na mtu wa bara akiitwa baharia twaona ni mzaha. Dhana hiyo haina msingi. Katika vita vilivyoanza 1914, meli za Waingereza na za Wajerumani zilipigana ndani ya Ziwa Viktoria, na Juni 1915 askari walipakiwa Kisumu wakavuka maji kwenda kuuteka mji wa Bukoba. Kikosi cha wanamaji wa kujitolea wa Kenya, chenye makao Mombasa, hakikuundwa mpaka 1933. Basi watu wa ziwani waliviona vita vya maji kabla Mombasa haijawa na kikosi hicho.

Nayasema haya kwa ajili ya mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyeishi Nyamasaria, pale msafiri atokaye Nairobi anapokaribia kuingia mjini Kisumu. Ni babu wa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Katika miaka ya hamsini alikuwa mwanamaji Mombasa. Kisha akarudi kwao, akatengeneza baiskeli za watu hadi kufa kwake. Jamaa zake walirithi picha yake moja, amevaa sare nyeupe, na maneno mawili: "Alifukuzwa kazi." Maneno hayo yalisemwa hata matangani, na wanawe wakakua wakiinamisha vichwa.

Chuoni tulifundishwa kuwa habari haiangaliwi tamko lake tu. Huangaliwa pia imepitia kwa nani. Nikamwuliza mkwe wangu, "Nani aliyekwambia?" Akasema, ami yake. Ami naye akasema aliyasikia kwa kaka mkubwa wa marehemu. Na huyo kaka alijua nini? Alimwona nduguye akishuka na sanduku lake mwaka 1962, hana kazi. Basi. Aliona sanduku, hakuona kufukuzwa.

Sasa tuutazame huo mwaka. Jeshi la maji la wakati ule, Royal East African Navy, lilikuwa la pamoja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na makao yake yalikuwa Mombasa. Mwaka huo huo wa 1962 lilivunjwa lote. Jeshi la Maji la Kenya likazaliwa tarehe 12 Desemba 1964. Mwanamaji aliyerudi kwao 1962 hakuhitaji kuwa na kosa lolote: jeshi lenyewe lilikuwa halipo tena.

Na ushahidi ulikuwamo nyumbani. Bibi, mjane wake, alikuwa ameihifadhi karatasi ya kuachishwa kazi chini ya kanga zake. Imeandikwa Kiingereza, naye hakusoma. Lakini alijua ni ya mumewe, akaitunza. Imeandikwa kuwa jeshi limevunjwa, na kwamba tabia ya mtu huyu ilikuwa njema sana. Wanaume walikuwa na maneno, mwanamke alikuwa na hati, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza.

Hilo ndilo linaloniuma. Twajisifu kwa kuhifadhi nasaba, fulani bin fulani hata babu wa saba, lakini babu wa juzi hatujui alifanya kazi gani wala kwa nini aliiacha. Pengo hilo halikai tupu, fitina hulijaza. Na waliokuwa vijana katika miaka ya hamsini, kama wako hai, wana miaka tisini au wanaikaribia.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, waulize wazee wako, na uanze na bibi. Andika mwaka, andika mahali, andika jina la aliyekwambia, na uombe kuonyeshwa karatasi. Aliyehai hujitetea mwenyewe. Maiti hana wakili ila wewe.